Mihuri ya sungura, maua ya Machi na picha iliyojaa kupita kiasi

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Leipzig, Ujerumani, mwaka wa tatu sasa. Pamoja na binti yangu wa miaka saba tumeanza kutengeneza picha za majira ya kuchipua: tunapiga mihuri ya wanyama na maua tuliyonunua dukani, tunapaka rangi za maji, kisha tunabandika vipande vya karatasi. Matatizo ni matatu. Wino wa mihuri unasambaa tukipitisha brashi, sungura anabaki kama kanyeshewa. Karatasi inajikunja kama chapati iliyokaa juani. La tatu hata sijui nilisemeje: picha ikiisha inakuwa imejaa tu, haina raha kuitazama. Mume wangu anasema tumetengeneza kanga. Hatua zifuatane vipi? Na je, naweza kuchonga mihuri yangu mwenyewe?

JIBU

Marahaba, mwanangu, na nisalimie huyo fundi mdogo.

Nianze na la mumeo, kwa sababu la wino dawa yake iko dukani, la kujaa dukani haipo. Mwambie kanga ameionea. Kanga ina mpango mkali kuliko picha nyingi za ukutani: pindo limezunguka pande zote nne, mji umetulia katikati, jina limekaa mahali pake chini ya mji. Jicho likiingia linajua pa kwenda. Na kanga ni jamaa wa karibu wa hicho mnachokifanya, maana kabla ya viwanda mafundi wa pwani walipiga chapa kwa mkono juu ya merikani, kibao baada ya kibao. Picha yenu, kwa jinsi ulivyoieleza, ina pindo kila mahali na haina mji. Sungura ana ukubwa ule ule wa ua, ua lina ukubwa ule ule wa ndege, na wote wanapiga kelele kwa sauti moja.

Chanzo chake nakijua, kwa sababu nami nilikaa huko miaka michache na nikafanya vivyo hivyo. Sisi tuliolelewa na masika tumezoea mvua ikinyesha wiki mbili, kila kitu kinakuwa kijani kwa pamoja, hadi ukuta unaota majani. Kwa hiyo tukiambiwa tuchore majira ya kuchipua tunachora masika, tunajaza. Sasa toka nje hapo Leipzig katikati ya Machi uangalie kweli. Miti ni fito tupu. Ardhi ni ya kahawia, nyasi za mwaka jana zimelala zimepauka. Halafu chini ya mti mmoja, kwenye eneo la ukubwa wa jamvi, pana vichwa vyeupe vinavyoinama. Basi. Neno letu wenyewe limeshasema: kuchipua. Chipukizi ni kitu kidogo juu ya kitu kikavu, na huo ukavu ndio unaolifanya liwe habari.

Kwa hiyo kwa picha tatu zijazo nawapa masharti, mkizoea mtayavunja wenyewe: mnyama mmoja, aina mbili za maua zisizozidi, na robo tatu ya karatasi isiguswe na muhuri wowote. Rangi hafifu inaruhusiwa kupita hapo, muhuri hapana. Binti yako atalalamika. Mpe karatasi ya pembeni apige mihuri yote anayotaka, tutaihitaji baadaye kwenye kubandika.

Kama unadhani mnyama peke yake kwenye karatasi tupu ni uvivu, mtafute Albrecht Dürer, mchoraji wa zamani wa Nürnberg. Mwaka 1502 alimchora sungura kwa rangi za maji, picha iko kwenye makumbusho ya Albertina, Vienna. Hakuna jani, hakuna ua, hakuna mlima nyuma. Kuna sungura na kivuli chake, na manyoya unayoweza kuyahesabu. Mwaka uliofuata akachora bonge la nyasi na magugu, dandelioni zikiwemo, na humo hakuweka mnyama. Mtu aliyeweza kuchora chochote aliamua kuviweka mbali mbali.

Sasa wino. Mihuri ya watoto huuzwa pamoja na pedi yenye wino wa maji, ule ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi. Unakauka, lakini maji yakirudi unayeyuka upya. Brashi yenu ikipita juu ya mstari, inauamsha. Hakuna kusubiri kutakakouponya, hata ukiuacha mwezi mzima. Mnaweza kwenda njia mbili.

Ya kwanza ni kubadilisha wino. Ulizia wino wa mihuri usioyeyuka kwa maji ukikauka, na usome maandishi ya pedi yenyewe badala ya kumwamini muuzaji. VersaFine ni wino wenye mafuta ndani yake, unatoa mistari myembamba safi sana, ila haukauki haraka. Mimi huuacha usiku kucha. StazOn unakauka upesi na unashika hata kwenye plastiki na kioo, lakini ni wa kemikali: una harufu, unataka dirisha wazi, na haunawiki kwa sabuni ya kawaida. Kwa mtoto wa miaka saba ningechukua wa kwanza na subira. Wowote utakaonunua, ujaribu kwanza: piga muhuri mmoja kwenye kipande cha karatasi ile ile mtakayotumia, subiri, pitisha brashi yenye maji, tazama. Karatasi tofauti hunywa wino tofauti, na jaribio dogo kama hilo limeniokolea kazi nyingi.

Ya pili haina gharama: geuza mfuatano. Rangi za maji kwanza, ziache zikauke kabisa, muhuri mwishoni. Wino wenu wa bei rahisi hautasambaa kwa sababu hakuna maji yatakayokuja baada yake. Kukauka kabisa namaanisha hivi: weka mgongo wa kiganja juu ya karatasi, ukisikia ubaridi, bado ina maji. Niliwahi kuharibu kazi ya siku mbili kwa sababu nilikuwa na haraka nikaikausha kwa mashine ya nywele. Juu pakawa pakavu, ndani pameloa, na korongo wangu akaota ndevu.

Kuna njia ya tatu, ya kuutumia ugonjwa wenyewe kama dawa. Kwa kuwa wino wa maji unayeyuka, piga muhuri wa ua kwa wino huo makusudi, kisha kwa brashi yenye unyevu kidogo uvute rangi kutoka kwenye mstari kwenda katikati ya petali. Unapata ua lililopakwa rangi bila kufungua kisanduku cha rangi. Kwa maua inapendeza sana. Kwa wanyama msifanye, mnyama anahitaji ukingo, hasa jicho na sikio.

Hapo hapo kwenye mihuri: kama ni ile ya plastiki laini unayoona upande wa pili, inayobandikwa kwenye kipande cha akriliki kigumu, ikiwa mpya huwa inakataa wino, wino unajikusanya matone kama maji kwenye jani la mgomba. Isugue taratibu kwa kifutio cha penseli, mara mbili tatu, iondoke ule utelezi. Weka gazeti au kitambaa kilichokunjwa chini ya karatasi ili pawe na ulaini. Na mfundishe mtoto abonyeze wima bila kuutikisa muhuri. Watoto hupenda kuubembeleza muhuri huku na huko kama karani aliyechoka, na hapo ndipo unapopata sungura mwenye masikio manne.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, nadhani, litabadilisha picha zenu kuliko mengine yote. Mnataka sungura awe amekaa kati ya maua, mengine mbele yake, mengine nyuma. Mkipiga muhuri wa ua juu ya sungura aliyekwisha pigwa, mistari inapitiana, sungura anakuwa kama kioo cha dirisha. Kanuni ni hii: kilicho mbele hupigwa kwanza, kisha hufunikwa.

Piga muhuri wa sungura kwenye karatasi yenu. Piga sungura huyo huyo kwenye karatasi nyembamba ya pembeni, bora ile ya kuandikia vikumbusho yenye gundi kidogo upande mmoja. Mkate kwa mkasi ukifuata mstari, kwa ndani kidogo badala ya nje, maana ukiacha ukingo wa nje maua yatasimama mbali naye kama yanamwogopa. Mfunike sungura wa kwanza kwa huyo wa karatasi. Sasa pigeni maua popote, hata juu ya mgongo wake. Mkifunua, maua yako nyuma. Kama mnataka ua moja liwe mbele ya miguu yake, basi ua hilo lipigwe hata kabla ya sungura, nalo lifunikwe kwa kinga yake. Mtoto atahitaji kufikiri kinyumenyume, na kwa uzoefu wangu watoto wanaishika kanuni hii upesi kuliko wazazi wao.

Ya mbali yawe hafifu. Piga muhuri wenye wino kwenye karatasi chafu kwanza, kisha bila kuongeza wino upige kwenye picha. Ua linatoka limepauka, linakaa mbali. Mara ya tatu linatoka kama ukungu. Kwa muhuri mmoja na pedi moja umepata maua ya karibu, ya kati na ya mbali, na ile kelele ya sauti moja imekwisha.

Karatasi kujikunja si kosa lenu, ni uzito. Karatasi ya mashine ya kopi ni gramu 80 kwa mita mraba, haikutengenezwa kwa maji. Nunueni ya rangi za maji ya gramu 300, ile yenye uso laini zaidi, maana yenye uso wa mabonde inavunja mstari wa muhuri. Ibandikeni pande zote nne juu ya ubao kwa utepe wa karatasi kabla ya kuanza, na msiitoe hadi ikauke. Ikijikunja hata hivyo, lowesha kidogo mgongo wake kwa sponji, iweke kati ya karatasi mbili safi chini ya vitabu vizito, ilale usiku mmoja. Mstari wa wino wa maji hautapenda unyevu huo, kwa hiyo uwe mwangalifu.

Kuchonga: ndiyo, tena ningependa muache mihuri ya dukani mapema. Dukani wanakuuzia maua yasiyo na jina, petali tano za mviringo na duara katikati, ua ambalo halioti popote. Mkichonga wenyewe mtalazimika kuhesabu, na ukihesabu unaanza kuona.

Hesabuni hivi. Lile ua jeupe la mwanzo kabisa, ambalo wenyeji wenu huliita Schneeglöckchen, kengele ndogo ya theluji, lina petali tatu kubwa za nje zinazoning'inia, na ndani tatu fupi zenye doa la kijani. Linainama daima. Ukilisimamisha umelipoteza. Krokasi ina sita, imesimama kama kikombe cha yai, na katikati kuna nyuzi za rangi ya chungwa. Tulipu nayo ni sita. Forsithia, kile kichaka cha njano kinachowaka Machi na Aprili kabla hakijatoa jani hata moja, ina nne. Mcheri wa kawaida una tano, na ncha ya kila petali ina mkato mdogo. Mkiwa na haya manne matano kichwani, hata muhuri uliochongwa vibaya unatambulika, kwa sababu idadi ni sahihi.

Kwa kuanzia chukueni kiazi ulaya. Wenzenu huko nao humpa mtoto kiazi na rangi kabla ya kumpa muhuri wa dukani. Kikate katikati kwa kisu kikali kwa mkono mmoja usiositasita ili uso uwe bapa, ukaushe kwa karatasi ya jikoni dakika kumi, kwa sababu kiazi kina maji yake na yatachanganyika na rangi. Chora umbo, wewe ukate pembeni yake kina cha nusu sentimita, mtoto asishike kisu. Rangi iwe nzito, pakeni kwa brashi juu ya kiazi badala ya kukichovya. Kitadumu siku moja, keshokutwa kimenywea. Kwa maumbo makubwa, mwili wa sungura, petali za tulipu, mawingu, kiazi kinatosha kabisa, na kina uso wenye madoa madoa ambao mpira hauna.

Kwa kitu cha kudumu tumieni kifutio kikubwa cheupe cha shuleni, kile laini. Mchoro mnauhamisha hivi: chora kwa penseli laini, 4B au zaidi, kwenye karatasi nyembamba, kisha igeuze kifudifudi juu ya kifutio na usugue mgongo wake kwa ukucha au kijiko. Penseli inahamia kwenye kifutio ikiwa imegeuka, na mkipiga muhuri picha inarudi ilivyokuwa. Hamhitaji kuwaza kushoto na kulia. Mkichora moja kwa moja juu ya kifutio, picha itatoka imegeuka, na kwa maandishi hiyo ni aibu. Mwanafunzi wangu mmoja alichonga PASAKA kwa siku nzima ikatoka kama lugha ya nchi nyingine. Chongeni kwa patasi ndogo za kuchongea mihuri, ziitwazo za lino, zenye mdomo wa V na wa U. Elekezeni ncha mbali na mkono ulioshika, na mzungushe kifutio, si patasi, mnapofika kwenye kona. Kata ukuta ulale nje kama mteremko. Ukiuchimba kwa ndani chini ya mstari, mstari utavunjika kwa kubonyezwa.

Mchonge mnyama gani? Neno letu sungura linabeba wawili. Wajerumani wanawatenga: Kaninchen ni yule mfupi wa mviringo anayechimba shimo, Hase ni yule wa mashambani, mrefu wa miguu, masikio yana ncha nyeusi. Wa Pasaka ni Hase. Daktari mmoja, Georg Franck von Franckenau, aliandika habari za sungura huyo na mayai yake mwaka 1682, kwa hiyo jambo hili ni la zamani kuliko chokoleti zake. Mihuri mingi ya dukani inauza Kaninchen kwa jina la mwenzake. Msitupe, ila mkichonga wa kwenu mpeni miguu na ncha nyeusi za masikio.

Lakini nikiulizwa mimi, ningechonga korongo mweupe, na sababu ni ninyi wenyewe.

Korongo wa mashariki ya Ujerumani wengi wao baridi ikikaribia hupita mlango wa bahari wa Bosporus huko Uturuki, Mashariki ya Kati na bonde la Nile, wakashuka kwetu Afrika Mashariki, wengine wakaendelea hadi kusini kabisa. Huku tunawaona mbugani wakifuata panzi na viwavijeshi. Mwisho wa Machi na Aprili wanakuwa wamesharudi huko kwenye viota vyao juu ya mabomba ya moshi. Kuna kijiji kinaitwa Rühstädt, karibu na mto Elbe, kinachojulikana kwa viota hivyo. Na ushahidi wa kwanza wa wazi ulibebwa shingoni na ndege mwenyewe: mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz, alipatikana korongo mwenye mkuki wa Afrika wa sentimita 80 hivi umempenya shingo, ameruka nao hadi Ulaya. Yuko hadi leo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kabla yake watu wasomi walibishana ndege huenda wapi wakati wa baridi, na wapo waliodai mbayuwayu hulala chini ya maji. Binti yako akimchonga korongo, anachonga kiumbe mwenye nyumba mbili kama yeye. Sina hakika kama miaka saba inatosha kulihisi hilo, lakini mkuki ataupenda.

Kiufundi pia korongo ni zawadi. Ni mweupe, mabawa yana manyoya meusi pembeni, mdomo na miguu ni mekundu. Msichonge ndege mzima. Chongeni vipande viwili tu: kimoja cha lile eneo jeusi la bawa, kingine cha mdomo na miguu. Weupe usichongwe, uachwe. Kwanza mtapaka rangi hafifu ya mbingu, kijivu chenye bluu kidogo, kuzunguka umbo la mwili mlilolichora kwa penseli nyepesi, na kuacha mwili ukiwa karatasi tupu. Ikikauka, pigeni muhuri mweusi, kisha mwekundu, na tone la jicho. Ndege anatokea kutoka kwenye hewa. Schneeglöckchen linafanyika kwa njia hiyo hiyo: usipake nyeupe, paka giza la udongo nyuma yake.

Kwenye kijani mtakosea, kila mtu hukosea. Kijani kinachotoka moja kwa moja kwenye kisanduku ni cha plastiki. Jani jipya la Aprili ni njano iliyoguswa na bluu, kwa hiyo anza na njano nyingi, ongeza bluu kwa ncha ya brashi. Likikukera bado, tone la nyekundu litalituliza.

Kubandika sasa. Watu wengi hubandika kwanza kisha wanapiga muhuri juu ya kingo za karatasi, muhuri unaruka unapokutana na ngazi ile, unapata nusu ya ndege. Fanyeni hivi: chukueni karatasi nyeupe ya tishu, ile nyembamba ya kufungia zawadi, pigeni muhuri juu yake kwa wino usioyeyuka, uacheni ukauke kabisa. Kateni kwa kubakiza ukingo. Pakeni gundi ya akriliki isiyo na rangi mahali mnapotaka, laza tishu, pitisha gundi tena juu yake taratibu. Ikikauka, weupe wa tishu unapotea na mstari wa muhuri unabaki kana kwamba ulipigwa moja kwa moja juu ya mabonde yote yaliyo chini. Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani nimedanganywa.

Ile karatasi aliyojaza mihuri binti yako sasa ina kazi. Ikateni petali. Bibi mmoja wa Uingereza, Mary Delany, alianza kutengeneza maua kwa vipande vya karatasi za rangi akiwa na umri wa miaka 72, akayaweka juu ya karatasi nyeusi, akafikisha karibu 1,000 kabla macho hayajamshinda. Yako kwenye makumbusho ya British Museum, London. Tazameni machache kwenye simu mwone jinsi petali moja inavyoweza kuwa na vipande vingi. Huyo hakuwa na haraka ya Pasaka.

Vifaa vingine vya kubandika: bahasha za barua zilizotoka nyumbani, ramani kuukuu, kipande cha kitenge, ambacho kinahitaji gundi nyeupe nzito na kubanwa chini ya kitabu. Gazeti litageuka njano baada ya muda, mkilitumia mjue hilo. Risiti za dukani msitumie kabisa, maandishi yake yanafifia, na zikikutana na joto zinakuwa nyeusi. Maua halisi yaliyokaushwa kitabuni wiki mbili yanapendeza, ila rangi yake hufa juani. Na angalizo: Schneeglöckchen la porini linalindwa kisheria huko Ujerumani, msilichume. La bustani yenu ni lenu. Dandelioni chumeni mtakavyo. Maiglöckchen, vile vikengele vyeupe vya Mei vyenye harufu nzuri, vina sumu kila sehemu, kwa hiyo kwenye meza ya mtoto visiwepo.

Mkitaka kumrudishia mumeo maneno yake, wekeni jina kama la kanga. Ukanda mwembamba wa karatasi chini ya picha, maneno machache yaliyopigwa kwa mihuri ya herufi. Hapo picha itakuwa na mji, itakuwa na jina, na pindo mtakuwa mmelitengeneza kwa muhuri mmoja mdogo uliorudiwa kwenye ukingo. Ni mahali pekee ninapowaruhusu kurudia.

Fremu: kama mmebandika vitu vyenye unene, kioo kisiguse, wekeni kadi nene yenye dirisha kati ya picha na kioo. Mihuri ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo siku ile ile, ikaushwe mbali na jua, mpira haulipendi.

Nimalizie na jambo utakaloniuliza Agosti, korongo wakianza kuondoka. Wa kwenu mtakuwa mmemchonga akiangalia upande mmoja, na mtataka wa kuondoka aangalie upande mwingine, lakini muhuri ukiuzungusha unampindua ndege miguu juu. Msichonge upya. Chukueni kifutio kipya kikubwa kuliko muhuri, kisichochongwa. Pigeni muhuri wenye wino mwingi juu ya uso wake laini, kisha mara moja, kabla wino haujakauka, mkibonyeze hicho kifutio kwenye karatasi. Atatoka hafifu kidogo, akiangalia huku kwetu.